Aliyeusogeza Mpaka Ndiye Abebe Gharama

Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa serikali za mitaa na wananchi wa Temeke, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analikanyaga kwa miguu yake kila siku, lakini ni wachache waliopata kuketi na kulitafakari. Jambo lenyewe ni mpaka uliopo kati ya kiwanja cha mtu na barabara ya umma. Mimi si mwanasheria wala si mpima ardhi. Ni mwandishi wa habari ambaye kazi yake humpeleka mahali ambapo watu wanalia, na katika jiji hili, mara nyingi mno, watu wanaolia huwa wamesimama kando ya barabara, mbele ya ukuta uliopigwa alama ya X.

Jumapili iliyopita nilitembea kwa miguu kando ya Barabara ya Kilwa, kutoka Mtoni kwa Aziz Ali hadi Mbagala Rangi Tatu. Niliwakuta mafundi seremala wakiranda mbao, mafundi wa vyuma wakichomea mageti, akina mama na magenge yao ya nyanya na mihogo, fremu za maduka zilizopangwa kama meno, na nyuma yake nyumba za siku nyingi zilizojengwa na wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Kila niliyesimama naye nilimwuliza swali moja tu: Ndugu yangu, mpaka wako na barabara uko wapi? Mmoja alinionyesha mtaro. Wa pili alinionyesha nguzo ya umeme. Wa tatu alinionyesha mahali palipokuwa na mwembe ambao ulikwisha katwa. Wa nne alicheka, akasema mpaka wake ataujua siku tingatinga litakapokuja na kusimama.

Ndugu wananchi, majibu hayo manne ndiyo yaliyonifanya niandike maelezo haya. Hakuna hata mmoja aliyenionyesha jiwe la mpaka. Watu hao si wajinga, wala si wakorofi. Wanaishi na kufanya kazi mahali ambapo sheria imechora mstari, lakini mstari huo umebaki katika makaratasi ya ofisi wala haujashuka chini ukaonekana kwa macho.

Tuanze na msingi, maana bila msingi hatutaelewana. Katika nchi yetu hakuna mtu anayemiliki ardhi kwa maana ile ya mabwana shamba wa Ulaya. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi yote waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola yao. Mwaka 1923 Waingereza nao wakatunga sheria yao, wakasema ardhi yote ni ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Ilipofika mwaka 1958, wakoloni walipopendekeza kwamba ardhi iweze kumilikiwa moja kwa moja na kuuzwa kama bidhaa, Mwalimu Nyerere aliandika kulipinga wazo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi hakuna binadamu aliyeiumba. Kilicho cha mtu ni jasho lake, yaani kazi aliyoifanya juu ya ardhi hiyo. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki ule wa moja kwa moja ulifutwa kwa sheria. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikathibitisha msimamo huo: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Mwananchi hupewa haki ya kuikalia na kuitumia, pengine kwa miaka 33, pengine 66, pengine 99.

Ni vema tukumbuke kwamba mambo si hivyo kila mahali duniani. Huko Uingereza, pale ambapo hati haikusema vingine, huchukuliwa kwamba mwenye kiwanja kinachopakana na barabara anamiliki udongo ulio chini ya barabara hiyo hadi katikati yake, na mwenzake wa ng'ambo vile vile. Umma una haki ya kupita, na mamlaka ya barabara hushika tabaka la juu kwa ajili ya matengenezo. Lakini barabara ikifungwa kwa halali na haki ya kupita ikafutwa, ardhi humrudia jirani yake. Majimbo mengi ya Marekani yalirithi mawazo hayo.

Kwetu sivyo. Hati ya mtu wa Temeke haifiki katikati ya Barabara ya Kilwa, wala haifiki ukingo wa lami. Inakoma pale ramani ya upimaji inapokoma. Ng'ambo ya hapo kuna ukanda tunaouita hifadhi ya barabara, nao ni mali yetu sote. Hakuna anayeweza kusema ule ni wake kwa sababu amepanda mnazi, au amechimba choo, au amefunguliwa mita ya umeme na bomba la maji. Wala kukaa muda mrefu peke yake hakugeuzi hifadhi ya barabara kuwa kiwanja. Hilo ni gumu kulisikia, lakini hatuna budi kulisema waziwazi.

Walakini kuna upande wa pili wa neno hilo "mdhamini". Mdhamini si mwenye mali. Mdhamini hushika mali kwa ajili ya wengine, na anapaswa kuwaeleza wenye mali inaanzia wapi na inaishia wapi. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la ardhi ni ramani, na ramani isiyosomwa na yeyote isipokuwa mwenye ufunguo wa kabati, hiyo haijawa daftari la umma.

Sasa, hifadhi ya barabara ni ya nini? Wapo wanaodhani kwamba Serikali huchukua eneo pana kwa kupenda ukubwa tu. La hasha. Barabara si lami peke yake. Barabara ni mtaro unaoondoa maji ya masika yasiingie vyumbani mwa watu. Ni njia ya mtoto anayekwenda shule kwa miguu. Ni mahali pa kupitisha bomba la maji, nyaya za simu na nguzo za umeme. Ni nafasi ya dereva kumwona mtu anayevuka kabla hajamfikia. Zaidi ya yote, hifadhi ni akiba ya kesho. Ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka, awamu ya pili, kilomita 20.3, ulipoanza mwaka 2019 katika Barabara ya Kilwa na nyinginezo, ulihitaji ardhi pana kuliko ile iliyowatosha madereva wa zamani. Isingalikuwapo akiba hiyo, mradi kama huo ungalilazimika kupita juu ya nyumba nyingi zaidi.

Tuje kwenye vipimo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Chini ya sheria ya zamani ya barabara, iliyoanzia enzi za ukoloni mwaka 1932 na kurekebishwa baadaye, kipimo kilichozoeleka kwa barabara kuu kilikuwa mita 45, yaani mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande. Tofauti yake ni mita 7.5 kila upande. Mtu mzima akitembea kwa mwendo wa kawaida, mita 22.5 ni kama hatua 30, na mita 30 ni kama hatua 40. Kwa hiyo sheria mpya iliongeza hatua kumi.

Ndugu zangu, hatua kumi si nyingi kwa mtu anayechora ramani. Lakini katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, hatua kumi ni baraza, sebule, na vyumba viwili vya mbele. Katika fremu ya duka, hatua kumi ni duka lote na riziki yake.

Baada ya sheria hiyo zilionekana alama za aina mbili katika kuta za nyumba zilizo kando ya barabara kuu. X nyekundu maana yake ni kwamba mwenye jengo aliingia katika hifadhi ya zamani. Huyo anatakiwa aondoke, wala hana fidia. X ya kijani maana yake ni kwamba mwenye jengo alikuwa nje ya hifadhi ya zamani, akakutwa na zile hatua kumi zilizoongezwa. Huyo anastahili kulipwa fidia. Swali linaloulizwa hapo ni moja, na kila mtoto wa Mbagala analijua: Nani alimfuata mwenzake? Nyumba iliifuata barabara, au barabara iliifuata nyumba?

Mimi naona kanuni hiyo ni ya haki, na napenda niieleze kwa maneno mengine ili sote tuishike: aliyeusogeza mpaka ndiye abebe gharama. Mwananchi akiusogeza ukuta wake kuingia katika barabara ya umma, hasara ni yake. Umma ukiusogeza mpaka wa barabara kuingia katika kiwanja cha mwananchi, hasara ni ya umma. Kanuni hii haimpendelei mkubwa wala mdogo. Tatizo letu ni kwamba tunaitekeleza kwa mguu mmoja. Upande wa X nyekundu utekelezaji huwa wa haraka na wenye kishindo. Upande wa X ya kijani utekelezaji huwa wa pole pole, na mara nyingine haufiki kabisa.

Jibu ambalo limetolewa Bungeni mara nyingi, wabunge walipouliza habari za watu wa X ya kijani, ni kwamba watalipwa pale eneo lao litakapohitajika kwa ujenzi. Kwa mtazamo wa hazina ya Serikali jibu hilo lina mantiki, maana fedha haziwezi kulipia leo ardhi ambayo huenda ikahitajika baada ya miaka ishirini. Lakini hebu tujiweke katika nafasi ya mwenye nyumba. Hawezi kuongeza chumba. Hawezi kuuza kwa bei ya haki, kwa sababu mnunuzi naye ana macho, anaiona ile alama ukutani. Akienda kuomba mkopo hakuna atakayeikubali nyumba hiyo kuwa dhamana. Bati likitoboka anasita kununua jipya. Nyumba inasimama, lakini imefungwa kamba. Mtu huyo hajanyang'anywa kitu kwa macho ya sheria, na huku ameshapoteza nusu ya alichokuwa nacho.

Sheria yetu haikosi maneno mema juu ya fidia. Ibara ya 24 ya Katiba inasema mtu hanyang'anywi mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Zamani mtu alilipwa kwa kile alichokiendeleza tu, kama jengo na mazao. Sheria hiyo ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zikaenda mbali zaidi: fidia ihesabu thamani ya soko ya ardhi, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, hasara ya faida kwa mwenye biashara, na riba pale malipo yanapocheleweshwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilikwisha amua, katika shauri lililotoka Mkoa wa Arusha, kwamba haki ya kukalia ardhi kwa mujibu wa mila ni mali inayolindwa na Katiba. Fundisho la uamuzi huo kwetu sisi wa pembeni mwa jiji ni kubwa: kukosa karatasi yenye muhuri si lazima kuwe ni kukosa haki.

Nasema kwetu sisi wa pembeni, kwa sababu Temeke ina historia yake. Sehemu kubwa ya Mbagala, Charambe na Kongowe ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo. Mipaka yake ilikuwa minyaa, miembe na njia za miguu, na shahidi wake alikuwa jirani. Jiji lilipotanuka, mashamba hayo yalikatwa vipande, vikauzwa kwa karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Mwenye kuuza alipima kwa hatua zake mwenyewe, kuanzia pale alipoona lami inaishia. Hakumdanganya mnunuzi kwa makusudi. Kwa macho yake, barabara ilikuwa ni lami.

Serikali yenyewe ililijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1972 iliamua kuacha sera ya kubomoa makazi yaliyojengwa bila mpango, na badala yake kuyatengeneza. Kutokana na uamuzi huo, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulitekelezwa mradi wa viwanja na uboreshaji wa makazi, ambao hapa Temeke uligusa Tandika na Mtoni: barabara zikachongwa, maji yakafikishwa. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000, ulioleta upimaji katika maeneo kama Kijichi na Toangoma. Leseni za makazi nazo zikafuata, ingawa leseni ni haki ya muda tu na si hati ya miaka mingi. Hizo zote ni juhudi njema. Walakini mji ulikua kwa kasi iliyozishinda juhudi hizo, na kando ya barabara kuu, mahali ambapo mpaka una hatari kubwa kuliko popote, ndipo mpaka huo ulipoendelea kufichika.

Nawaomba tukumbuke yaliyotokea mwaka 2017 upande wa pili wa jiji, Kimara hadi Kiluvya. Barabara ya Morogoro ilikuwa ipanuliwe kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Kazi hiyo ilihitajika. Yeyote aliyepata kukwama katika foleni ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi hawezi kubisha. Lakini hifadhi ya barabara katika sehemu ile haikuwa mita 22.5 wala 30. Ilielezwa kuwa ni mita 121.5 kila upande. Kwa hatua zetu zile, ni hatua 160 na zaidi, kutoka katikati ya barabara hadi ndani kabisa mwa mitaa. Nyumba za kuishi, maduka, na hata nyumba za ibada zikavunjwa, na wengi wa waliovunjiwa hawakulipwa, kwa hoja kwamba walikuwa ndani ya hifadhi ya zamani.

Sikusudii kuifungua kesi hiyo hapa. Nataka tuchukue mafundisho mawili tu. La kwanza, vipimo vya barabara havifanani kila mahali, na mtu anayesema "mita thelathini" kama wimbo, bila kuuliza barabara yake mwenyewe ina kipimo gani, anajidanganya. La pili, mwaka huo huo, mwezi Novemba, Rais John Magufuli aliagiza sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo ibomolewe kwa sababu ilikuwamo katika hifadhi ya barabara. Uamuzi huo ulionyesha kwamba sheria haichagui, na hilo ni jema. Lakini hebu tujiulize: ikiwa shirika la umma lenye wahandisi, wanasheria na ramani zake lilijenga makao makuu yake ndani ya hifadhi, kabwela wa Mbagala mwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne angeujuaje mpaka?

Najua hoja itakayotolewa kunipinga, tena ni hoja yenye uzito. Watasema: Ndugu mwandishi, sheria imeandikwa na kutangazwa, na kutojua sheria si kinga. Watasema: wananchi wenyewe ni wajanja, mtu akionyeshwa mpaka leo, kesho anausogeza. Naam, ni kweli, tena lazima tuseme ukweli huu mbele ya nyuso zetu wenyewe. Tumewaona watu wanaoanza na mwavuli, mwavuli ukawa kibanda, kibanda kikawekewa sakafu ya saruji, sakafu ikainuliwa ukuta, na mwisho wake fremu ikapangishwa kwa mtu mwingine kodi ya mwaka mzima. Tumewaona wanaoziba mtaro ili wapate sehemu ya kuegesha gari, na maji ya mvua yakaingia kwa jirani. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa katika hifadhi za barabara jijini, wengi tuliwahurumia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini siku zile zile mama mwenye mtoto mgongoni aliweza kutembea pembeni ya barabara badala ya kutembea katikati ya daladala. Mwenye kuichukua njia ya umma anamchukulia mtu fulani, ingawa hamjui jina.

Hata hivyo, hoja hiyo hainiondoi katika msimamo wangu. Ujanja wa baadhi yetu unastawi kwa sababu mpaka hauonekani. Panapokuwa na giza, mwizi na mwenye mali huonekana sawasawa. Weka taa, na kila mmoja atajulikana. Jiwe la mpaka ndiyo taa yenyewe.

Tena kuna neno la katikati ya barabara. Sheria inapima kutoka katikati. Lakini lami ikipanuliwa upande mmoja, au ikiongezwa njia ya mabasi, macho ya mwananchi huona katikati mpya. Mwenye nyumba aliyepima kwa hatua zake mwaka 1990 akajiona yuko nje, akipima tena leo anajikuta yuko ndani, naye hajausogeza ukuta wake hata kwa unene wa tofali. Mtu huyo amekosa nini? Ndiyo sababu mpaka usiachwe utegemee lami, ambayo husogea. Uwekewe jiwe lisilosogea.

Ndugu Mwenyekiti, kulalamika bila kupendekeza ni kazi rahisi, wala sikuja kwa kazi rahisi. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, mawe yatangulie alama. Wakala wa Barabara, TANROADS, kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, kwa barabara za mitaa yetu, zisimike nguzo za mpaka wa hifadhi zinazoonekana, zenye rangi, kwa umbali ambao mtu akisimama kwenye moja aione ya pili. Pale zilipokwisha simikwa, zitunzwe; na anayeing'oa nguzo ya mpaka achukuliwe hatua kama mtu aliyeharibu daraja. Gharama ya zege na rangi ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kesi, ubomoaji na machozi.

Pili, ramani ishuke mtaani. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ambao barabara kuu inapita ibandike ukutani ramani ya hifadhi ya barabara ya eneo lake, kwa Kiswahili, yenye vipimo vya mita. Tukibandika ratiba ya chanjo na majina ya wapiga kura, tutashindwaje kubandika mpaka wa makazi ya watu?

Tatu, X ya kijani ipewe tarehe. Mwenye nyumba aliyewekewa alama hiyo aandikiwe barua inayoeleza ni mita ngapi za kiwanja chake zinazohitajika, na ni lini. Tarehe hiyo ikipita bila malipo, basi arudishiwe uhuru wa kuitumia nyumba yake, kuikarabati na kuiuza, hadi siku umma utakapokuwa tayari na fedha yake. Umma hauwezi kuishika mali ya mtu kwa chaki peke yake.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe, hasa ninyi wajumbe na wenyeviti wa mitaa. Sahihi yako na muhuri wako ndivyo vinavyompa mnunuzi imani. Usitie muhuri katika mauziano ya kiwanja kilicho kando ya barabara kabla muuzaji na mnunuzi hawajakwenda pamoja kuuliza kwa mwenye barabara, na kwa afisa ardhi wa manispaa, mpaka uko wapi. Nawe mwananchi unayenunua, usitosheke na mwembe wala nguzo ya umeme. Uliza barabara hii ni ya nani, ya TANROADS au ya TARURA. Uliza hifadhi yake ni mita ngapi. Chukua utepe wa kupimia, nenda na mtaalamu, pima, andika, tia sahihi. Siku moja ya usumbufu ni nafuu kuliko miaka ishirini ya kujenga nyumba ambayo mwisho wake ni kifusi.

Nimalizie kwa kurudi pale nilipoanzia, kwa yule ndugu wa nne aliyecheka na kusema mpaka wake ataujua siku tingatinga litakapokuja na kusimama. Nilicheka naye, kwa kuwa sisi watu wa Temeke tumezoea kuyacheka mambo mazito. Lakini nilipofika Rangi Tatu nikaketi kunywa maji, maneno yake yalinirudia, na sikuweza kucheka tena. Huyo ni raia wa nchi hii. Barabara ile ni yake, kama ilivyo yangu na yenu. Ardhi iliyo chini yake inashikwa na mdhamini kwa niaba yake. Si haki, wala si heshima kwa uhuru wetu, kwamba raia ajifunze mpaka wa mali yake mwenyewe kwa kuutazama mtambo ukizima injini.

Barabara zijengwe, tena ziwe pana. Nyumba zisimame, tena ziwe imara. Kati ya hizo mbili pawe na jiwe ambalo mzee anaweza kuligusa kwa fimbo yake na kumwambia mjukuu: hapa ndipo chetu kinapoishia, na hapo ndipo cha wote kinapoanzia. Jiwe hilo likiwapo, atakayeusogeza mpaka tutamjua, awe mtu au awe dola, na gharama ataibeba yeye.